Uzani wa Gunia Tupu

Kwa Shebughe, barabara ya nane, wino umekwisha tena.
Karatasi yangu imetoka na mistari ya mvi,
nzito juu, chini imefifia.
Mia mbili, akasema. Ya chini hayo ni maneno tu.

Miaka tisa nafundisha hisabati Makorora,
nimemwaga wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu.
Leo nimekaa na alama zangu mwenyewe
kama niliyeletewa barua ya jirani.

Lugha: mia moja arobaini na tisa.
Hisabati: mia moja hamsini na sita.
Uandishi: tatu na nusu.

"Kati ya ngapi?" Mama, kutoka jikoni.
Kati ya mia na sabini.
"Alaa! Si umefaulu!" Mwiko ukagonga sufuria.
Hapana, Mama. Wao huanza kuhesabu mia na thelathini.
Hata aliyesinzia chumba cha mtihani, mate yakamtoka,
huamka na mia na thelathini zake.

Kimya. Mchuzi ukasema peke yake.

"Kumbe wanapima na gunia," akasema Mama,
karani wa mizani miaka ishirini, ghala la mbata.
"Toa gunia. Kinachobaki ndicho chako."

Nikatoa gunia.
Kumi na tisa. Ishirini na sita.
Nikavua miwani, nikaivaa tena.

Kuna safu nyingine pembeni, ya nafasi:
thelathini na tano, sitini na mbili.
Si maksi hizo, ni watu,
wangapi katika kila mia umewaacha nyuma.
Nikawapanga wote hapa hapa Ngamiani,
kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja,
wa Lagos, wa Hanoi, wa miji nisiyojua kuitamka,
kila mmoja na penseli sikioni.
Kwa lugha, lugha niliyofundishwa kwa fimbo,
nimesimama barabara ya saba, karibu na fundi baiskeli.
Kwa hisabati, ya kumi na tatu:
mlangoni kwetu kabisa,
na waliobaki mbele wananipa visogo.

Uandishi waliusoma wawili wasiojuana.
Mmoja atakuwa alipiga mwayo.

Nikaisimamisha karatasi dirishani, jua likapenya,
ile mistari iliyofifia ikaanza kusomeka:
alama hii yaweza kuwa juu kidogo, yaweza kuwa chini;
angefanya tena kesho, ingekuwa nyingine;
msimkate mtu kwa tofauti ndogo.

"Mizani yetu nayo," Mama akacheka, "ilikuwa na kilo moja ya uongo.
Gunia lile lile, mara tatu, majibu matatu.
Tajiri alijua. Mkulima alijua.
Tuliandika la katikati, tukala ugali."

Mimi sikucheka.
Nilimkumbuka Kibibi Semng'indo, kidato cha nne,
ishirini na tisa, na mstari wa kufaulu ni thelathini.
Nilijumlisha mara mbili, nikajisifu kwa haki yangu,
nikaandika F kwa mkono usiotikisika.
Mtihani niliutunga mwenyewe, usiku, umeme umekatika,
swali la sita lilikuwa na kosa.
Sasa ana kibanda cha vocha Mikanjuni,
akiniona huita "Ticha!" na kunirushia salio la deni,
bila kinyongo, na hilo ndilo linalouma.

Chuo kinasema hakina kiwango cha chini,
kinamtazama mtu mzima mzima.
Sijui hutazama kwa macho gani.
Alama zinaishi miaka mitano, kisha zinakufa;
Mama anasema ni ndefu kuliko leseni ya biashara.

Jioni nimerudi kwa Shebughe na mia nne mkononi.
Ameshanunua wino.
Ichape upya, nikamwambia, ya chini isomeke.
Nakala mbili.
"Ya pili ya nani?"
Nikajifanya natafuta chenji.